Kijiko cha Steinvor

Kila asubuhi, kabla hajasema neno na mtu, Steinvor hutoa kwenye friji chupa ya mafuta ya ini la samaki, hujaza kijiko cha chakula, humeza, kisha hukilamba kijiko. Kahawa hufuata baadaye. Hapa Isafjord, mji wetu wa wavuvi kwenye baridi ya kaskazini, wengi wetu tumekua hivyo, na hakuna anayeyaita dawa.

Steinvor hukata minofu katika kiwanda cha samaki bandarini. Mwanawe Ketill alipokuwa na miaka miwili alionja chapati ya maji kwa jirani. Ilikuwa na yai. Midomo ilivimba, pumzi ikakatika, na mama yake akakimbia naye hospitali akiwa amevaa soksi tu. Mtoto alipona. Tangu siku hiyo Steinvor husoma maandishi ya kila pakiti mara mbili.

Kwa hiyo aliposhika mimba ya pili, alikuwa wa kwanza kujiandikisha katika utafiti wetu wa hospitali kuhusu vidonge vya omega, mafuta yapatikanayo kwenye samaki. Tulitaka kujua kama mafuta ya samaki yakitumiwa na mjamzito humpunguzia mtoto hatari ya mzio kama ule wa Ketill. Nusu ya wanawake walipewa hayo, nusu mafuta ya mimea, na vidonge vyote vilifanana. Hata mimi, muuguzi niliyevigawa, sikujua nani ana vipi. Fomu iliuliza: unatumia mafuta mengine ya nyongeza? Aliandika hapana.

Mimba ilipofika mwezi wa saba nilimpelekea vidonge nyumbani. Mama yake, Jorunn, alikuwa mezani akimenya viazi.

"Vidonge tena!" Jorunn akacheka. "Mwenzenu anabugia kijiko kizima kila asubuhi, nyie mnamletea vitone!"

"Mama, basi."

"Basi nini? Si nimekulea kwa chupa hiyohiyo? Au siku hizi unaionea haya?"

Steinvor hakucheka. Alivuta kiti, akakaa taratibu, mkono tumboni.

"Mtanitoa kwenye utafiti," akaniambia.

"Lazima niandike, dada. Matokeo yako hayatafaa tena."

Akaitikia kwa kichwa. Nikamuuliza swali moja tu: je, alijua kwamba kijiko nacho kinahesabika?

"Mwanzoni sikujua, kwangu kile ni chakula," alisema. "Baadaye nilijua. Lakini vidonge vyenu huenda vilikuwa vya mimea, nikaogopa kuacha kijiko, huyu naye asije akawa kama Ketill."