Matonge Mawili ya Parbatiya

Miaka thelathini na minne Parbatiya Devi alifunga mfungo wa Chhath, ule wa kuliomba Jua, bila kuruka hata mmoja. Mara ya kwanza alifunga akiomba mtoto, akampata Satendra. Baadaye alifunga akiwa na homa, akafunga hata mwaka ule mto Gandak ulipofurika ukabakiza ukingo usiotosha mbuzi kusimama. Sasa alikuwa na miaka sitini na sita, na kisukari kilikuwa kimemharibia miguu na macho. Daktari wa mjini hakumficha: mama, saa thelathini na sita bila chakula wala maji zitakuua. Parbatiya alimwitikia vizuri, akapokea dawa zake, akarudi kijijini kuosha ngano ya sikukuu.

Haukuwa ukaidi mtupu. Mfungo huu hauachwi hivi hivi, hukabidhiwa. Mwenye kuuacha husimama mtoni akauweka ungo wa sadaka mikononi mwa anayepokea, na tangu hapo mfungo ni wa huyo. Asipopatikana mtu, ungo huachiwa maji yakaenda nao, na nyumba ile haifungi tena. Gumu zaidi, katika ukoo wao ilikuwa mwiko kumwomba mtu apokee. Anayetaka husema mwenyewe. Kwa miaka mitatu Parbatiya alikuwa akilingoja neno hilo kutoka kwa mkaza mwana wake, Nilam, na Nilam alikuwa kimya.

Nilam alikuwa ameolewa katika nyumba ile miaka kumi na moja, na hakuwa na mtoto. Kazi hakuikimbia. Ngano ikianikwa juu ya paa, ni yeye aliyekaa na fimbo tangu asubuhi ili ndege asidonoe hata punje, maana iliyodonolewa Mama Chhathi, mungu wa kike wa mfungo huu, haipokei. Mumewe, huyo Satendra, alikuwa akifanya kazi kiwandani Surat, mji wa mbali, na kila mwaka alikuja kwa sikukuu hii, siku mbili amesimama ndani ya treni. Mapenzi yalikuwepo. Mtoto ndiye hakuwepo, na kijiji kizima kilijifanya hilo ni shauri lake.

Parbatiya alimpigania mkaza mwana wake kwa njia aliyoijua. Kila mwaka, siku ya mwisho jua likichomoza, alisimama maji kiunoni, akatandaza pindo la sari yake, akaomba kwa sauti kuu: "Mpe Nilam wangu mtoto!" Jua lilisikia, na ukingo mzima ulisikia. Mara kumi na moja. Aliamini kwa moyo wote kwamba huko ndiko kumpenda mtu, na hakuna mwanamke pale ambaye angeomba vinginevyo.

Jioni ya siku ya pili ya sikukuu mfungaji hula mara moja tu: wali wa maziwa na sukari guru, uliopikwa kwenye jiko jipya la udongo. Hula peke yake, mlango umerudishwa, na nyumba nzima hunyamaza. Akisikia sauti ya mtu, mkono hukoma hapo hapo, na kilichobaki kwenye jani analolia huwa baraka ya wengine. Kisha ni kavu, bila chakula wala maji, hadi alfajiri ya siku ya nne.

Satendra alimfunga mbwa mbali. Watoto wa jirani walifukuzwa. Lakini nani wa kumfukuza jirani mwenyewe, Mama Dilip? Alikuwa ameketi uani na bakuli lake, akingoja baraka, na ulimi ukimwasha.

"Nilam," alinong'ona, kwa mnong'ono wake ule unaofika kisimani, "mwaka huu jitahidi, mwenzangu. Mama mkwe wako anakufa njaa kwa ajili ya tumbo lako, na wewe unanenepa tu."

"Mama Dilip, nyamaza. Anakula."

"Kwani nimesema nini kibaya? Kesho kutwa atakutaja pale mtoni, nasi sote tutakuombea."

"Msiniombee!" Sauti ilimtoka Nilam kabla hajaiziba. "Kila mwaka natangazwa mbele za watu kama ng'ombe asiyetoa maziwa. Nimechoka kutajwa!"

Mle chumbani Parbatiya alikuwa amekula matonge mawili. La tatu lilikuwa mkononi. Alilirudisha juu ya jani, taratibu, akabaki akiutazama mkono wake.

Nilam alisukuma mlango, akaliona lile jani, akaanguka miguuni pake. "Mama, nimekuua."

"Bado," alisema Parbatiya. "Inuka. Wape watu wali wao."

"Mama, kula," Satendra alisihi kutoka mlangoni. "Jua si katili. Litaelewa."

"Nawe unalijulia wapi Jua? Ulipozaliwa nilikuwa nimeshaongea nalo."

Watu walipewa, wakala. Hakuna aliyeangalia kama aliyegawa alibakiza fungu lake.

Siku ya tatu Nilam na mama mkwe wake walikaa jikoni wakikaanga kwa samli maandazi magumu ya ngano na sukari guru. Parbatiya alikuwa akikandamiza unga kwenye kibao cha nakshi.

"Tangu mwaka gani?" aliuliza.

"Nini, Mama?"

"Unaona aibu pale mtoni."

Nilam aligeuza andazi kwanza. "Tangu wa kwanza."

"Na hukuniambia."

"Ungesema sina adabu."

"Ningesema," Parbatiya alikiri. Uchungu ulimkaa mama wa watu kifuani, mkali kuliko njaa, maana alikuwa akiihesabu ile miaka kumi na moja na kumwona Nilam katika kila mmoja, amesimama ukingoni, ameinamisha kichwa. Siku zote alidhani ni unyenyekevu.

Jioni waliliheshimu jua linalozama. Kwingine watu husalimia linalochomoza tu, ila Chhath huanza na lile linaloondoka. Parbatiya aliingia mtoni ameshikwa huku na huku, na kurudi ilibidi abebwe. Walipotoka tena alfajiri, Satendra mbele peku na kikapu kichwani, Parbatiya alikuwa ameshaamua. Akimaliza, ungo atauachia maji. Kwa aliyoyatenda hakuona haki yoyote ya kuendelea kungoja neno la Nilam.

Maji yalikuwa baridi na ukungu umelala. Jua lilichelewa. Parbatiya aliyumba, na Nilam, aliyekuwa amesimama naye majini, akampitishia mkono mgongoni. Ndipo mzee alipouona uso wake kwa karibu. Midomo ilikuwa imepasuka, myeupe.

"Umekunywa maji lini, wewe?"

"Ulipoacha kula."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Mama, huo ungo nipe mimi. Ila usinitaje."

Wekundu ulitokeza ng'ambo ya mto. Nyimbo zilikoma. Ukingoni wanawake waligeuka kumsikiliza, Mama Dilip amenyoosha shingo, maana ombi la Parbatiya walilijua kwa moyo. Pindo la sari hakulitandaza. Alilichomeka kiunoni, akauinua ungo wenye nazi na ndizi na maandazi, na sauti yake, iliyokuwa imebaki kidogo tu, ikawafikia wote.

"Mwaka huu sikuja kuomba. Nyumba yangu imejaa."

Akauweka ungo mikononi mwa Nilam. Satendra akamimina maziwa ya sadaka mbele yake, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Nilam aliunyanyua ungo kulielekea jua, uzito wake ukimvuta mbele. Parbatiya, mikono mitupu kwa mara ya kwanza baada ya miaka thelathini na minne, akamshika kiuno asiyumbe.