Vispika vya Mvushaji

Hudson wa kivukoni, kule juu ya kijiji cha Idsowe, hakuwa na kitu cha kujivunia duniani isipokuwa masikio yake. Mtumbwi wenyewe ulikuwa mkongwe na haukuisha kuvuja. Sura, tusiizungumzie. Lakini masikio yalikuwa masikio kweli, na ndiyo yaliyomlisha yeye na mkewe Lois miaka yote hiyo.

Mto Tana pale ni mpana, na mamba wake hawana mzaha, kwa hiyo hakuna aliyefikiria kuogelea. Mtu akitaka kuvuka alisimama ukingoni na kuita. Kila boma la ng'ambo lilikuwa na mwito wake: hawa huvuta sauti mwishoni, wale huikata katikati, na Hudson aliitambua yote hata akiwa amelala chali ndani ya mtumbwi. Akisikia, alijibu, "Eeeh, naja!" Hata kama hangeweza kuja, labda kwa sababu ya upepo au kiboko, bado alijibu, ili mwenzake ajue amesikika. Mvushaji anayeonekana amekaa na asijibu, maana yake pale mtoni ilikuwa moja tu: amekukataa.

Mwito alioupenda kuliko yote ulikuwa wa Galma, mfugaji wa Kiorma. Baba zao walikuwa marafiki, nao wakaurithi urafiki huo bila kuulizana. Galma akivuka alikuja na kibuyu cha maziwa, akarudi na mahindi au ndizi. Mmoja aliswali, mwingine aliimba kwaya, na hilo halikuwahi kuwa shida.

Basi mwaka wa tisini na nane, mafuriko makubwa ya El Nino yalipokuwa yameshuka na njia bado ni matope matupu, dada yake Hudson aitwaye Tamar, aliyekuwa akifanya kazi za nyumbani Mombasa, alikuja likizo na zawadi ya ajabu. Ilikuwa mashine ya gemu ya kushika mkononi, iliyoachwa na watoto wa tajiri wake. Matofali yalianguka kutoka juu, nawe ukayapanga kabla hayajajaa. Mashine ililia kila tofali lilipotua, na mchezo ulipokaribia kukushinda ilipiga muziki wa haraka haraka wa kumtia mtu kiwewe.

Lois aliuvumilia muziki huo kwa muda mfupi tu. "Baba Everline, hicho kitu kinanitoboa kichwa," alisema. "Ama kinyamaze, ama mlale nacho huko huko mtumbwini." Tamar akacheka, akatoa mfukoni vispika viwili vidogo vya masikioni, vyenye vijipira laini vya kuingia ndani kabisa ya tundu. Ukiviunganisha na mashine kwa waya wake, wewe peke yako ndiye unayesikia.

Tamar alimpa na masharti, kwa kuwa naye alikuwa ameyasikia kwa wenye mali. Usiongeze sauti hadi mwisho, utaharibu masikio. Vijipira uvipanguse kwa kitambaa kikavu, vikishika uchafu wa sikio sauti hufifia. Ukivitoa, shika kichwa chake, usivute waya. Na ukiwa kazini, weka sikio moja tu.

Hudson aliitikia yote kama mtoto mbele ya mwalimu. Na kwa kweli, mwanzoni alilifuata lile la sikio moja: la kushoto lilikuwa la matofali, la kulia la mto. Lakini jamani, nani kati yetu angeendelea hivyo? Ukiviweka vyote viwili, muziki unakaa katikati ya kichwa, na unaona kabisa kwamba leo utashinda. Akaanza kuweka vyote mchana kukiwa kimya. Baadaye akaviweka hata pasipokuwa kimya. Huo uchafu alikuwa akiuchokoa kwa njiti ya kiberiti mpaka akavisukuma vijipira vikakaa upande. Na waya aliuzungushia mashine akaukaza barabara kwa fundo, vile alivyozoea kufunga mtumbwi kwenye kigingi. Kwake yeye, kamba isiyokazwa ilikuwa uzembe.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali. Hudson alikuwa amekaa mtumbwini kivulini, ameinamia mashine, masikio yote mawili yameziba. Alikuwa amefika mbali ambako hajawahi kufika. Akacheza mpaka mawe ya betri yakaisha nguvu, akavitoa vile vispika, akaona mto uko shwari na ng'ambo hakuna mtu. Akafurahi kwamba hakuna aliyemhitaji.

Kesho yake asubuhi Mahadi, mchuuzi wa mbuzi, alivuka naye, na hakumsalimu. Walipofika katikati ya mto ndipo aliposema.

"Hudson, ulikuwa na neno gani na Galma?"

"Neno? Sina neno na Galma."

"Mamake amefariki jana kule Minjila, upande wako wa mto. Galma alisimama pale akakuita mpaka sauti ikakauka. Mimi mwenyewe nilikuwa naye. Tulikuona umekaa. Ulikuwa unatikisa kichwa, tukajua unakataa."

Hudson aliacha kusukuma upondo. Mtumbwi ukaanza kuchukuliwa na maji.

Galma alikuwa amekimbia na ukingo hadi kivuko cha chini, mbali, kwenye matope yale, na Waislamu hawalazi maiti. Alipofika Minjila, kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Yeye ndiye mwana wa kwanza wa mama yule, Barwako. Ndiye aliyepaswa kushuka kaburini ampokee mamake kwa mikono yake, na mikono mingine ikampokea.

"Anasema ni kwa sababu ya mpunga," Mahadi aliendelea. "Ng'ombe wake walipoingia shambani kwako. Anasema hakujua uliweka moyoni."

Hudson alikuwa ameusahau kabisa mpunga huo. Alirudi nyumbani akavikamata vile vispika, akavivuta kwa waya, akavisokota juu ya mashine kwa hasira na kuvitupa mfukoni. Lois alipopata habari alikaa chini, akalia kwa ajili ya mama Barwako, na hakumwambia mumewe neno. Hudson angependa sana kugombezwa.

Siku za matanga zilipopita, alivuka akaenda bomani kwa Galma. Alikaribishwa mkeka na chai, jinsi anavyokaribishwa mgeni. Hilo lilimuuma, maana siku zote alijimiminia mwenyewe.

"Ndugu yangu, sikukukataa," alisema. "Sikukusikia. Nilikuwa nimeziba masikio kwa hivi." Akatoa mashine, ameshaitia mawe mapya. "Weka uone. Ukiviweka, hata nikipiga kelele hunisikii."

Galma alivitazama, akaviweka kwa upole masikioni. Hudson akawasha. Matofali yakaanza kuanguka kwenye kioo.

"Unanisikia?"

"Nakusikia," Galma alisema. "Na ng'ombe nasikia."

Hudson aliongeza sauti hadi mwisho. Akachomoa waya, akachomeka tena, akaupapasa pale alipokuwa akiufunga fundo. Hakuna kilicholia. Galma alivitoa, akavipangusa kwa ncha ya kikoi chake, akamrudishia mkononi. "Mimi sikuuliza wewe sababu," alisema. "Kunywa chai."

Hudson alikwenda Garsen siku hiyo hiyo kwa Silas, fundi wa redio. Silas akaupinda waya, akaupinduapindua, akauliza nani aliyeufunga namna hiyo. Nyuzi za ndani zilikuwa zimekatika pale penye fundo, na kule kuvutwa kukamaliza. Akakata, akachoma risasi ya kuungia waya, akafunga utepe, akamwonyesha jinsi ya kuuviringa kwa ulegevu kiganjani na kuuweka ndani ya kikopo kisichopitisha maji. Hudson alisikiliza kila neno. Lau angesikiliza hivyo mara ya kwanza! Njia nzima ya kurudi alikishika kikopo kile kwa mikono miwili, moyo umejaa matumaini. Alikuwa na ushahidi sasa. Galma angesikia, angeelewa, na kesho angekuja na kibuyu.

Galma alikuwa anafunga ndama alipofika. Aliviweka tena vispika bila ubishi. Hudson akawasha, akarudi nyuma hatua kadhaa, akaita kwa nguvu zake zote, kwa mwito wa Galma mwenyewe. Galma hakugeuka. Alisimama tu, uso umemkunjika kwa ule muziki, mpaka Hudson alipomgusa bega.

Akavitoa.

"Ni kweli," alisema. "Hukusikia."

"Sikusikia, ndugu yangu. Wallahi sikusikia!" Na Hudson si mtu wa kuapa hivyo.

"Mimi nilifikiri wewe una hasira ya mpunga. Hasira ni kitu cha watu. Nilikuwa nimetenga fahali, nije na wazee tukae na wewe, tumalize, turudi kama zamani." Akamwekea vispika kiganjani. "Kumbe hukuwa na hasira. Mama yangu anazikwa, na wewe unacheza."

Akarudi kwa ndama wake.

Fahali yule aliuzwa Garsen. Galma na Hudson hukutana sokoni na kuamkiana vizuri, wakaulizana hali ya watoto, ya mifugo, ya mvua. Kisha Galma, akitaka kuvuka, hushika ile njia ndefu ya kivuko cha chini.