Trekta la Kahaso Baada ya Mafuriko

Kahaso wa kijiji cha Hewani huongea na trekta lake kama mtu anavyoongea na ng'ombe mkongwe, kwa sauti ya chini, bila haraka. Ni la petroli, rangi imebaki pembeni tu, na ndilo lililomlimia mpunga tangu mgongo wake ulipokataa jembe.

Mto Tana ulipofurika mwaka huu, alilihifadhi kwa rafiki yake Hirbo, mfugaji anayekaa kwenye ardhi iliyoinuka. Maji yalipopungua akalifuata. Shamba lilikuwa bado laini. Lingekaa juani siku chache zaidi lingekuwa gumu kama sakafu, na mwaka ungepita bila mpunga.

Trekta likakataa kuwaka.

Stata ilizunguka, injini kimya. Akanusa petroli: ipo. Akachomoa plagi moja, akaigusisha kwenye chuma, akamwambia Hirbo azungushe ufunguo. Hakuna cheche.

"Limezoea maziwa yangu," Hirbo akasema. "Halitaki kurudi kwenu kula samaki."

"Nyamaza, mzee wa ng'ombe. Zungusha tena."

Kahaso hakucheka. Alifuata waya mpaka kwenye distribyuta, kikopo kinachogawia plagi umeme. Alipofungua kifuniko, harufu ya moshi na samli ikampokea. Vile vichuma viwili vidogo, vinavyogusana na kuachana ili cheche izaliwe, vilikuwa vimegandwa na mafuta ya manjano.

"Hirbo. Nani kapaka hapa?"

Hirbo akatazama miguu yake. Kwake kamba za ngozi na vibuyu vya maziwa hupakwa samli kila masika, unyevu usiviharibu.

"Niliona chuma kidogo kimekaa peke yake gizani, dada. Nikakihurumia."

Kahaso alitaka kukasirika. Akashindwa, akaegemea gurudumu akicheka hadi machozi. Kisha akavipangusa vichuma kwa kitambaa chenye petroli, akavipitishia msasa laini, akangoja vikauke kabisa.

"Haya, zungusha."

Injini ikakohoa, ikanguruma. Ndama wakatimua mbio.

"Mafuriko yakija utaniletea tena?" Hirbo akauliza kwa kupaza sauti.

"Nimpelekee nani mwingine? Ila samli nipe mimi, nile na wali."

Alasiri ile, shambani kwa Kahaso, udongo ulipinduka mweusi, wenye maji. Hirbo alifuata nyuma ya jembe la trekta, akiokota mizizi na kuitupa kando, ingawa hakuna aliyemwomba.