Glasi Ambayo Sikuionja

Rafiki yangu, wiki iliyopita nilikuwa Buffalo, sebuleni kwa mzee wa Kongo kama sisi, ambaye namchumbia binti yake, na mpaka leo uso unaniwaka kwa aibu.

Nilitoka Louisville na chupa ya wiski ya Skotilandi, ya nafaka, iliyolala ndani ya pipa miaka mingi kuliko umri wangu. Kiwanda chake kilifungwa zamani; ikiisha, imeisha. Njia nzima nilijiona bwana harusi tayari.

Nilipong'oa kizibo mbele ya mzee, harufu ikanirudisha Linden, kule Columbus, kwenye nyumba ya kupanga tuliyofikia kutoka Kongo. Bibi alikuwa akiotesha mahindi juu ya taulo, ndani ya beseni kubwa la kuogea, yawe kimea cha pombe. Kazi yangu ilikuwa kuyanyunyizia maji na kuyageuza kabla ya shule. Mpaka yachipue, sote tulioga kwa ndoo. Baba alinung'unika, lakini siku ya pombe alikuwa wa kwanza kukaa.

Jumapili baada ya misa wageni walijaa. Bibi alimimina, akaonja mbele ya mgeni, akafuta ukingo wa kikombe kwa kiganja, ndipo akampa kwa mikono miwili. Sisi watoto tulimwigiza kwa vikombe vya maziwa, tukicheka. "Mucheke tu," alisema. "Mugeni hawezi kunywa kitu yenye haukuonja."

Basi kule Buffalo nikamimina, nikampa mzee glasi yake, nikakaa. Hakunywa. Aliishika tu juu ya goti. Nikadhani hajui wiski, nikaanza kumweleza mambo ya mapipa na kiwanda kilichofungwa, kwa kirefu, utadhani nauza dukani. Mkewe akainamisha macho. Binti akanikanyaga mguu, sikuelewa.

"Bon," mzee akasema polepole, "wewe uko mutoto ya nani?"

Hapo nikakumbuka. Kumtaja bibi wakati ule kungekuwa kumwaibisha, kana kwamba hakunifunza. Niliomba glasi, nikaonja. Nikafuta ukingo kwa kiganja, nikamrudishia kwa mikono miwili. Akanywa.

"Sasa tunaweza kuongea," akasema.

Bibi amezikwa Columbus. Nyumba ya Linden ilishabomolewa, na kwetu hakuna tena anayejua kuotesha mahindi. Alituachia kitu kimoja tu kilichokuwa chepesi kubeba, na mimi nikabeba chupa.