Karatasi ya Mkate kwenye Jicho la Roboti

Kwetu Mitunguu, rimoti ya televisheni haijawahi kushikwa ikiwa uchi. Siku ile ile iliponunuliwa mama aliivalisha karatasi ya mkate, ile nailoni mkate unayouzwa nayo, akaifunga kwa raba, na mpaka leo sijui vitufe vyake vina rangi gani. Viti vya sebuleni navyo vilikaa na nailoni ya dukani miaka na miaka. Ukikaa wakati wa joto, unabanduka kama plasta. Nilipokuwa chuoni niliwachekesha wenzangu sana kwa hadithi hizo. Kisha nikaajiriwa kufundisha fizikia katika shule ya kutwa karibu na Kiritiri, nikakabidhiwa sanduku la roboti, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kutafuta karatasi ya mkate.

Msinihukumu haraka. Vumbi la Kiritiri linaingia hata ndani ya saa ya mkononi. Na sanduku lenyewe halikuwa letu. Watu wa mradi fulani walikuwa wametuazima kwa muhula mmoja, sisi na shule nyingine kadhaa, na mwisho wa muhula sote twende Embu mjini tukashindane. Roboti ikifuata mstari mweusi sakafuni tangu mwanzo hadi mwisho, shule inabaki na sanduku moja kwa moja. Isipomaliza, sanduku linarudi Jumatatu. Hayo ndiyo yalikuwa masharti, na niliyatia sahihi kwa mkono wangu.

Ndani mlikuwa na magurudumu, mota mbili, betri moja nzito ya kuchaji na vihisi viwili. Kimoja kilipima umbali. Kingine, kidogo kama kifungo cha koti, kilikaa chini ya tumbo la roboti kikitazama sakafu na kupima mwanga unaorudi. Wasichana wanne wa timu yangu walikiita jicho. Hilo jicho ndilo nililolivalisha karatasi, nikaikunja mara mbili ili vumbi lisipate hata upenyo.

Kati ya wale wanne kulikuwa na mmoja wa kidato cha pili, mfupi, mkimya, ambaye darasani hungemsikia akiuliza swali hata umtishe. Lakini mbele ya lile sanduku alikuwa mtu mwingine kabisa. Siku moja nilimuuliza mbona pale anaongea hivyo. Akaniambia, "Hii, Madam, ukiiuliza kitu inakujibu hapo hapo. Haikasiriki."

Mimi hukasirika, na yeye alijua.

Alikuwa na mpango wake. Kwao, mama yake alikuwa akitembea mpaka kwenye tangi la maji la soko na mara nyingi alikuta ni tupu, akarudi na mitungi mitupu kichwani na mgongoni. Msichana huyu alitaka, mashindano yakiisha, akiweke kile kihisi cha umbali juu ya tangi, kitazame maji yako chini kiasi gani, kisha taa iwake mahali mama yake anaweza kuiona kutoka kwenye kilima chao. Alikuwa ameshachora kila kitu katika daftari la Kiswahili, upande wa nyuma. Kilichobaki ni sanduku libaki.

Tulifanya kazi, jamani. Stima ya shule ilikuwa ya kubahatisha, kwa hiyo betri tuliichaji buchani sokoni, kwa mzee mmoja Mwislamu aliyekuwa na sola ya kuendeshea friji. Kila asubuhi tuliichukua ikinuka mbuzi. "Salama, mwalimu," angesema, "mtoto wenu ameshiba." Mota ya kushoto ilikuwa na nguvu kuliko ya kulia, roboti ikawa inatembea kimshazari kama mlevi, wasichana wakaipunguza ile ya kushoto kidogo kidogo mpaka zikaelewana. Kisha wakaja kwenye jicho. Kwa kuwa lilitazama kupitia karatasi iliyokunjwa, mwanga ulilifikia ukiwa hafifu. Wakapima sakafu, wakapima tepu nyeusi, wakaweka mpaka: likisoma chini ya ishirini, huo ni mstari, likisoma zaidi, hiyo ni sakafu tu. Hesabu hiyo yote waliifanya karatasi ikiwa mahali pake. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, mwalimu mzima wa fizikia, nikiona.

Roboti ikafuata mstari. Tuliijaribu mpaka tukachoka, haikukosea.

Asubuhi ya mashindano, mlangoni mwa ukumbi, mwamuzi mmoja kijana alitusomea kanuni. Kuanzia hapo, mwalimu haruhusiwi kugusa roboti. Mwanafunzi akishaingia ndani ya kamba iliyozungushiwa uwanja, mwalimu asiseme naye, asimwashirie, asimpe kitu, na programu haibadilishwi tena. Ukivunja, shule yako imetoka. Nikaitikia kwa kichwa pamoja na wenzangu.

Wasichana wakaenda kunywa chai, nikabaki na roboti mezani. Hapo ndipo nilipotazama meza za wenzetu. Wee! Roboti zao zilimetameta. Shule moja ilikuwa imeibandika yao vibandiko vya bendera. Yetu ilikaa pale na karatasi ya mkate ikichungulia chini ya tumbo, imefungwa raba, maandishi ya mkate yakionekana nusu. Mwalimu mmoja wa kiume, suti yake imepigwa pasi vizuri, akapita, akaiangalia, akatabasamu. Hakusema neno. Afadhali angesema.

Aibu ilinishika. Nilijiambia, wageni wakija nyumbani hata mama huondoa kitambaa cha zamani mezani. Nilijiambia, kupanguza si kugusa. Nilijiambia pia, Mungu anisamehe, kwamba jicho likiwa safi litaona vizuri zaidi. Nikatoa raba, nikavuta karatasi, nikaifuta roboti kwa pembe ya leso yangu. Ikapendeza. Wasichana waliporudi kengele ilikuwa inalia, wakaibeba mbiombio wakaingia ndani ya kamba.

Shule iliyotangulia ilitolewa hapo hapo kwa sababu mwalimu wao aliinua kidole kuonyesha kushoto. Kidole tu. Yule bwana alibaki ameduwaa na kidole chake hewani, wanafunzi wake wakitoka wakilia.

Sisi tulipewa majaribio matatu. La kwanza, roboti iliondoka vizuri, ikafika kona ya kwanza, ikaupita mstari kama haujawahi kuwekwa pale, ikaenda kugonga ubao wa pembeni. Watu wakacheka kidogo. Nikadhani ni betri. Wasichana nao wakadhani ni betri, wakaangalia taa yake, ikaonyesha imejaa. Wakashika magurudumu, wakazungusha mota kwa vidole wakiwa wameinamisha vichwa vyao pamoja.

La pili likaenda vile vile, pale pale, na mimi nikaelewa. Bila karatasi, mwanga ulikuwa unalifikia jicho wote, na hata ile tepu nyeusi ilikuwa ikisoma juu ya ishirini. Kwa jicho letu ukumbi ule haukuwa na mstari wowote. Dawa yake ilikuwa kiganjani mwangu, imekunjwa, na sikuweza kusogea hatua moja. Kusema ni kutolewa, kukonyeza macho ni kutolewa. Nilisimama nyuma ya ile kamba kama mbuzi aliyefungwa, nikimwomba Ngai, Mungu wetu, stima ikatike ukumbi mzima. Stima ya Embu siku hiyo haikukatika hata kidogo.

Yule msichana aliipindua roboti. Aliliangalia jicho. Nikaona mabega yake yakishuka. Bila kujua nilikuwa nimeikaza ile karatasi mkononi, ikalia kwaru. Akainua kichwa akaangalia mkono wangu, kisha uso wangu. Mwamuzi akamuuliza, "Kuna shida? Kuna kitu kimebadilika?" Wenzake watatu wakamgeukia.

"Hakuna," akasema.

Akaiweka roboti mwanzoni mwa mstari, akaielekeza kwa uangalifu ule ule wa kila siku, akabonyeza. Ikaenda ikagonga ubao.

Jumatatu asubuhi nilimngoja kwenye baraza kabla ya gwaride. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri tangu Jumamosi, yakaniponyoka yote. "Ni mimi niliyetoa ile karatasi," nikamwambia.

"Najua, Madam."

"Mbona hukumwambia mwamuzi? Alikuuliza."

Alichora vumbi kwa ncha ya kiatu. "Angeuliza ni nani ametoa. Wangekutoa mbele ya watu, kama yule mwalimu wa kidole." Kisha akaongeza, kana kwamba ananituliza, "Na bado tungetolewa tu."

Nilitaka kumwambia pole. Nilitaka kumwambia nitaenda Embu, nitapiga magoti, nitaandika barua. Sikuwa na pa kwenda wala wa kumwandikia. Nilimshika bega tu, na yeye akaniachia bega lake nilishike mpaka kengele ikalia.

Saa nne gari la mradi likaja. Yule msichana alinisaidia kubeba sanduku mpaka ofisini. Afisa wa mradi alikuwa mama mmoja mpole, mwenye miwani. Alitoa kila kitu kimoja kimoja akikilinganisha na orodha yake: mota mbili, betri, magurudumu, kihisi cha umbali. Nilimwona msichana akikifuata hicho kwa macho mpaka kilipotiwa alama na kurudishwa ndani. Mwisho mama akalishika jicho, akaliinua dirishani, akaligeuza huku na huku.

"Eh! Kila shule nimevikuta hivi vikiwa vimejaa michubuko na vumbi," akasema. "Hiki ni kama hakijawahi kutolewa kwenye sanduku. Ni nani alikuwa anakitunza?"

Niliangalia sakafu.

"Ni Madam," msichana akasema.

Yule mama akanipa mkono, akanipongeza sana, kisha akafunga sanduku.