Dawa Baada ya Saa Tatu
Jumatatu, tarehe 3 Machi 2025, mwandishi wa programu wa hospitali moja ndogo ya mtaa wa Kikuyu, Dodoma, alianza kuandika upya maswali yote ambayo mfumo wao wa Java huiuliza kanzidata. Sasa kila safu ina aina yake ya data, na ukilinganisha maneno na muda, programu hukataa hata kuwaka. Huandika kwa vidole viwili na kuusoma kila mstari kwa sauti ya chini, kama anayeita wagonjwa. Alitafuta kosa moja: marehemu kumi na wawili walioonekana kupewa dawa baada ya kufa. Programu ilikataa safu ya vifo palepale. Manesi walikuwa wameandika “saa 3” wakimaanisha asubuhi, na mfumo wa zamani ukaisoma kuwa 03:00, yaani saa tisa usiku. Alirekebisha, na kumi na mmoja wakakaa sawa.

Mmoja alibaki: amekufa saa tatu asubuhi, amepewa dawa saa nne. Aliyetoa dawa ni nesi Zipora, anayetuhumiwa kughushi rekodi, naye akaitwa.

“Dada Zipora, hapa hukukosea saa?”

“Sikukosea, kaka. Nilimpa kwa mkono wangu. Akalalamika maji yana chumvi.”

“Na kifo aliandika nani?”

“Mimi, saa tatu. Nilipompa dawa tulishamfunika shuka.”

Mwandishi wa programu aliondoa vidole kwenye kibodi, akavifuta kwenye suruali, kimoja baada ya kingine. Alhamisi kamati ya nidhamu itamhoji Zipora, na mstari huo wa rekodi utasomwa kama ulivyo.