Fomu Isiyo na Masikio

Nilitoka kijiji cha Daudi bila kitu, nikajisomesha mjini kwa kuosha magari, nikarudi na diploma ya kompyuta. Ndiyo maana kazi ya kuwafundisha polisi mfumo mpya wa kupokea taarifa nilipewa mimi. Fomu yake niliitengeneza mwenyewe, na sijaona nzuri kuliko ile.

Lakini sajenti wa kituo kimoja kidogo alinichosha. Nikimfundisha asubuhi, mchana namkuta kwenye kitabu chake kikubwa na kalamu. Wiki ya pili nikakifungia kitabu kabatini, ufunguo nikautia mfukoni.

Siku hiyohiyo, ambayo ilikuwa ya mnada wa mifugo, akaingia mama mtu mzima, anahema. Sajenti akamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Dume langu la kulimia limeibwa, mwanangu. Watalipeleka mnadani. Malori yanaondoka saa sita."

Ilikuwa saa tano kasoro. Bila namba ya taarifa, ile tunayoiita RB, mnadani hawazuii ng'ombe wa mtu.

"Leo utaona kasi," nikamwambia sajenti, nikavuta kompyuta. "Mama, rangi?"

"Mwekundu, tumbo lina madoa meupe."

Nikachagua kahawia. "Namba ya chapa?"

"Hana chapa. Sikio la kushoto limekatwa ncha, la kulia lina tundu."

Fomu haikuwa na masikio. Nikaruka namba ya chapa, ikakataa. Nikaweka sifuri, ikakataa. Nikazima, nikawasha.

"Fundi, lete ufunguo," sajenti akasema.

"Mimi si fundi, afande. Ni mtaalamu wa mifumo."

"Basi mtaalamu, lete ufunguo."

"Dakika mbili tu."

"Mwanangu," mama akauliza, "hiyo mashine haijawahi kuona ng'ombe?"

Sajenti akacheka. Nilikasirika hadi vidole vikawa vinakosea herufi. Saa tano na nusu ikapita. Nilipotoa ufunguo, ilibaki robo saa kufika saa sita.

Sajenti aliandika mistari minne kitabuni, akaipa namba ya RB, akachora masikio mawili, akapiga picha kwa simu yake na kumtumia askari wa mnadani. Halafu akampigia. Alisikiliza, akashusha simu polepole.

"Mama, ng'ombe wako alikuwepo. Lori limeondoka sasa hivi. Wanalifuata kwa pikipiki, ila barabara zinazotoka pale ni tatu."

Mama akakaa kwenye benchi. "Aliyebaki hawezi kuvuta jembe peke yake," alisema, na mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha.

Lori halikupatikana.

Baba yangu alikata masikio ya ng'ombe wake wote kwa alama yake, na mimi ndiye niliyeshika pembe. Jioni ile niliongeza sehemu ya masikio kwenye fomu, kushoto na kulia. Kwa mtu wa elimu yangu, ni kazi ya dakika kumi.